Zakatul fitri: utoe chakula au hela, upeleke mwenyewe au uwape kamati? Tulinganishe mapema

Kumi la mwisho la Ramadhani likishaingia tu yale maswali yanarudi, huyu anauliza jamani nitoe chakula au hela, yule anauliza nimpe jirani mwenyewe au nipeleke msikitini, watu wanabishana weee mpaka usiku wa Idi unaingia na fitra bado iko ndani kwa mtu. Mi naona bora tukae tuweke kila njia ubavuni mwa mwenzie tuzitazame vizuri, manake zakatul fitri (au fitra), ile zaka inayotolewa kwa kila kichwa Ramadhani inapoisha, si jambo la ukipenda toa usipopenda acha. Ni faradhi. Ibn Umar (r.a.) kasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alifaradhisha zakatul fitri pishi moja (kipimo cha ujazo, nitakieleza chini) ya tende au pishi moja ya shayiri, kwa mtumwa na muungwana, mwanamme na mwanamke, mdogo na mkubwa katika Waislamu, na akaamrisha itolewe kabla watu hawajatoka kwenda kuswali. Hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, na zaka hii ilifaradhishwa mwaka wa 2 Hijria, mwaka ule ule uliofaradhishwa funga ya Ramadhani, yaani hizi mbili zimezaliwa pamoja.

Na mizani ya kulinganishia tumeshapewa. Ibn Abbas (r.a.) kasema zaka hii imewekwa kuwa ni kumsafisha aliyefunga na upuuzi na maneno machafu, na ni chakula kwa maskini, atakayeitoa kabla ya swala hiyo ni zaka iliyokubaliwa na atakayeitoa baada ya swala hiyo ni sadaka kama sadaka nyingine (kaipokea Abu Dawud na Ibn Majah). Kwa hiyo kila njia nitakayoitaja hapa chini naiuliza maswali matatu tu, mimi nimesafishika? maskini kala? na imefika kabla ya swala?

Kwanza tusichanganye na zaka ya mali

Naipita haraka hii lakini watu wengi wanakwama hapa. Zaka ya mali inaangalia mali, iwe imefika nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali (kwa dhahabu ni kama gramu 85) na imepitiwa na mwaka mzima, hapo unatoa asilimia 2.5. Fitri inaangalia vichwa. Kichanga kilichozaliwa mchana wa mwisho wa Ramadhani kinatolewa, bibi aliyelala kitandani hakufunga hata siku moja anatolewa, msafiri anatoa, mwanamke aliyekuwa kwenye siku zake anatoa. Usiseme "mimi sikufunga basi hainihusu", inakuhusu.

Na wala huhitaji kuwa tajiri. Kwa madhehebu (shule za fiqhi) za Maliki, Shafii na Hanbali kipimo ni kwamba umebakiwa na kitu zaidi ya chakula chako na cha unaowalisha kwa usiku wa Idi na mchana wake. Madhehebu ya nne, Hanafi, wao wanataka mtu awe na nisabu. Sasa ukiifuata kauli ya wengi unaona kitu ambacho mimi kila nikikifikiria kinanigusa sana, kwamba maskini aliyeletewa fitra na nyumba tatu nne akabakiwa na ziada, na yeye sasa inamlazimu atoe pishi yake ampe mwenzie. Mpokeaji anakuwa mtoaji usiku ule ule. Hakuna mtu anayeishia kuwa mkono wa kupokea tu, na yeye ana funga yake ya kusafisha kama wewe ulivyo na yako.

Chakula au hela

Hapa ndo kwenye ugomvi kwa hiyo tukae kidogo.

Upande wa chakula. Walio upande huu ni wengi, madhehebu tatu, Maliki, Shafii na Hanbali, na hoja yao ni nyepesi kuielewa: Mtume kataja chakula. Abu Said al-Khudri (r.a.) anasema tulikuwa tukitoa pishi ya chakula, au ya shayiri, au ya tende, au ya jibini kavu, au ya zabibu. Dinari na dirhamu zilikuwepo zama hizo watu wananunulia na kuuzia, lakini hazikutajwa. Halafu tazama kitu kimoja ambacho binafsi naona ndo hoja yao yenye nguvu zaidi, tende na shayiri na zabibu hazina bei sawa, ila kipimo kimewekwa kimoja tu kwa zote, pishi. Ingekuwa kinachotazamwa ni thamani basi vipimo vingepishana. Imam Ahmad, yule wa madhehebu ya Hanbali, alipoulizwa kuhusu kutoa dirhamu alijibu kwamba anaogopa haitomtosheleza mtu, ni kinyume na sunna ya Mtume.

Ukija kwenye maisha ya kawaida chakula kina faida nyingine, kinaonekana. Watoto wako wanaona mnapima, wanabeba, wanajua Ramadhani inaishia kwa kumlisha mtu. Na kule kinakokwenda kinaingia jikoni moja kwa moja, hakuna mdai wa kukichukua mlangoni. Hela ikimkuta mtu ana madeni matatu usiku huo, wallahi inaweza ikaishia kwa wadai na Idi watoto wakaamka hakuna kitu.

Udhaifu wake nao upo tusifiche. Kwenye mtaa ambao kila mtu anatoa nafaka ya aina moja, maskini mmoja anajikuta na magunia, mafuta hana, mboga hana, nguo ya mtoto hana, anaamua kuuza, na anauza bei ya kutupa kwa sababu siku hiyo kila mtu anauza. Hapo anayenufaika ni mfanyabiashara aliyekaa anasubiri.

Upande wa hela. Abu Hanifa, imamu wa Hanafi, na wenzake wameruhusu kutoa thamani, na si wao peke yao. Umar bin Abdulaziz alipokuwa khalifa aliandika ichukuliwe nusu dirhamu kwa kila mtu. Al-Hasan al-Basri alikuwa akisema hapana ubaya kutoa dirhamu katika fitri. Na Abu Ishaq as-Sabii, mtu wa kizazi cha tabiina (waliowafuatia masahaba), kasema amewakuta watu wakitoa katika sadaka ya Ramadhani dirhamu kwa thamani ya chakula. Wanaongeza pia kisa cha Muadh (r.a.) kule Yemen ambaye aliwaambia watu wampe nguo badala ya shayiri na nafaka nyingine katika zaka, kwamba ni nyepesi kwao na bora zaidi kwa masahaba walioko Madina. Kisa hicho ni cha zaka kwa jumla si fitri hasa, ila wanakifanya ushahidi kwamba kinachotakiwa ni kumfaa mhitaji. Mwanachuoni Ibn Taymiyya yeye kasimama katikati, thamani bila sababu hapana, ila pakiwepo haja au maslahi ya wazi hapana ubaya.

Hapo niweke tahadhari moja. Kuna maneno yanazunguka sana kila mwaka, "watosheleze siku hii", yanasomwa kama hadithi ya kuthibitisha hela. Isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ni dhaifu. Maana yake nzuri, ila usiijenge hoja yako yote juu yake wakati ipo hadithi ya Ibn Abbas iliyotamka wazi kuwa ni chakula cha maskini.

Ubora wa hela ni kwamba mwenye shida anajua shida yake kuliko wewe. Mwenye mgonjwa ndani atanunua dawa, mwenye mtoto atanunua kanzu. Na ni nyepesi kufika, haiozi wala haiingii panya. Shida yake kubwa naiona kwenye kiwango. Watu wanatoa kile kile walichotoa miaka mitano nyuma wakati bei zimeshapanda, au wanachukua kiwango cha nchi nyingine walichokiona kwenye simu wakakibadilisha kwa hela ya kwao. Sivyo. Ukiamua kufuata kauli ya thamani basi ni thamani ya pishi ya chakula kinacholiwa pale ulipo, kwa bei ya siku hizo. Na ukifuata Hanafi ujue hesabu zao zina ngazi, ngano ni nusu pishi, tende na zabibu na shayiri pishi nzima, kwa hiyo anayehesabu kwa ngano anatoa kidogo sana akilinganishwa na anayehesabu kwa zabibu. Mwenye uwezo kwa nini akimbilie ngazi ya chini kabisa?

Sasa kuna njia ya tatu na hii ndo sababu hasa nimekaa kuandika, manake watu wanaichanganya na ya pili wakati ni vitu viwili tofauti kabisa. Kumpa maskini hela mkononi, hiyo ni kutoa thamani, na ndo yenye hitilafu. Kumpa mtu unayemwamini hela ili akununulie chakula akupelekee kwa maskini kabla ya swala, hiyo SI kutoa thamani, hapo umeweka wakili tu na zaka yako ni chakula. Hakuna madhehebu inayokukatalia. Yaani wewe unayeishi mahali humjui maskini hata mmoja, au umefungwa na kazi mpaka jioni, unaweza ukatuma hela na ukawa umetoa chakula. Kinachotakiwa useme wazi, "nunua chakula kwa niaba yangu, watu wanne", na yeye anunue kweli.

Msimamo wangu kwenye hili? Chakula ndo asili na ndo salama zaidi, huko hakuna mwanachuoni atakayekwambia fitri yako haijaswihi. Usipoweza kununua mwenyewe weka wakili anunue. Hela mkononi kwa maskini niibakishe kwa pale ambapo kweli chakula hakimfai, mtu hana pa kupikia, au ameshajaa nafaka hana pa kuweka, hapo kauli ya Ibn Taymiyya inakaa vizuri. Ila aliyetoa hela kwa kufuata maimamu wake sitomwambia zaka yake imebatilika, na sipendi kabisa kuona watu wanarushiana maneno makali juu ya suala ambalo wema waliotangulia wametofautiana, tena wanarushiana mwezi wa kusafishwa na maneno machafu.

Pishi ni kilo ngapi

Waarabu wanaita swaa, sisi kwenye Kiswahili tumezoea pishi, na inagawanyika vibaba vinne, kila kibaba ni mfano wa mudi, yaani mchoto wa viganja viwili vya mtu wa wastani vikiwa vimejaa. Kipimo hiki ni cha ujazo si cha uzito. Ndo maana ukiuliza kilo unapata majibu tofauti, huyu 2.5, huyu 3, wengine kwa ngano nzuri wanashuka mpaka 2 na kidogo, na Hanafi pishi yao ni kubwa inapita 3. Wala hakuna anayedanganya, nafaka nzito na nafaka nyepesi zikijaa chombo kimoja hazitoki sawa kwenye mizani. Mimi nashauri toa kilo 3 kwa kichwa upumzike, familia ya watu sita ni kilo 18, kikizidi kilichozidi ni sadaka, na ile hofu ya kupunguza inakuondoka.

Aina ya chakula, kile kinacholiwa na watu wa hapo mlipo kila siku. Si lazima kiwe tende na shayiri. Ila kisiwe kile ambacho wewe mwenyewe ukiletewa utakiweka pembeni.

Mkono wako au kamati

Kupeleka mwenyewe kuna ladha yake. Unamjua mtu, unajua nyumba hiyo baba kaumwa mwezi mzima, unapiga hodi unampa, hakuna shaka kama imefika au haijafika. Tena kuna watu hawajiandikishi popote, wana haya, kwenye orodha ya msikiti jina lao hutoliona maisha, hao ni jirani tu anayewajua. Ndugu wa mbali kidogo kama shangazi mwenye shida au binamu nao wanafaa, unapata zaka na kuunga udugu kwa pamoja. Wasiofaa ni wale ambao kuwalisha ni wajibu wako, mkeo, wanao, wazazi wako.

Kasoro ya njia hii ni kwamba wote tunamjua maskini yule yule. Mjane mmoja maarufu wa mtaa anapata mifuko ishirini na nyumba ya nyuma yake haipati hata kibaba.

Kamati ndo inaziba pengo hilo, inapokuwa na orodha nzuri. Na wala sio bidaa (uzushi katika dini) kama nilivyosikia mtu akisema, zaka ya fitri ilikuwa inakusanywa zama za Mtume mwenyewe. Abu Huraira (r.a.) kasema, Mtume alinipa kazi ya kulinda zaka ya Ramadhani, akaja mtu akaanza kuchota kile chakula, nikamkamata. Hadithi hiyo wengi tunaijua kwa sababu ya mwisho wake, yule mwizi alikuja usiku mara tatu mpaka akamfundisha kusoma Ayatul Kursiy wakati wa kulala, na Mtume akasema amekuambia kweli ilhali ni muongo, huyo alikuwa shetani. Lakini tunapita juu ya mwanzo wake. Chakula kilikuwa kimekusanywa sehemu moja, kimewekewa mlinzi, siku kadhaa. Hiyo ni kamati.

Kwa hiyo kamati sio tatizo, tatizo ni kutokuuliza. Kuna jambo la kifiqhi hapa dogo lakini zito. Kamati ni wakili wa nani? Kama ni wakili wako wewe, basi zaka haijatoka shingoni mwako mpaka imfikie maskini, ikichelewa kwao imechelewa kwako. Kama ni wakili wa maskini, wamemweka wao apokee kwa niaba yao, au ni mtu aliyewekwa na kiongozi wa Waislamu, basi ukishamkabidhi umemaliza. Kamati nyingi ni za aina ya kwanza. Sa unapokabidhi usione aibu kuuliza mnafunga kupokea lini, mnagawa lini, na hela yangu mnanunua chakula au mnagawa hela. Wenye amana hawachukii kuulizwa, wanafurahi. Na fitri isichukuliwe ikajengea choo cha msikiti au kununulia mazulia, hata kama kazi hiyo ni nzuri, haki hiyo ni ya maskini, hayo mengine yana sadaka zake.

Mwaka mmoja nilikabidhi sehemu fulani siku mbili kabla ya Idi nikatulia roho kwatu, wiki moja baadae nikapita nikakuta mifuko bado imepangana ukutani. Wale wahudumu hawakuwa na nia mbaya, walizidiwa tu, lakini mi nilisononeka sana siku ile. Tangu hapo naangalia kwanza uwezo wao wa kugawa ndo nikabidhi, nikiona hawana watu wa kutosha nabeba mwenyewe.

Mapema au asubuhi ya Idi

Wakati ulio bora kwa makubaliano ni asubuhi ya Idi baada ya Alfajiri kabla ya swala. Ruhusa ya kutanguliza siku moja au mbili ipo wazi, ndivyo Ibn Umar na wenzake walivyokuwa wakitoa. Shafii wanaruhusu tangu Ramadhani inapoanza, na Hanafi wamepanua zaidi ya hapo. Kuchelewesha baada ya swala umeshaisikia hadithi, na kuipitisha siku yenyewe ya Idi bila udhuru ni dhambi, tena haifutiki, inabaki deni.

Ukilinganisha kwa kusoma tu utasema asubuhi ndo bora basi nisubiri asubuhi. Mi nilifanya hivyo. Nikabeba mfuko wangu baada ya Alfajiri mpaka kwa mama mmoja nikakuta mlango umefungwa, wameshatoka kwenda kiwanjani kuswali, nikabaki nimesimama na mfuko mkononi takbira zinasikika. Nilikimbia nikapata mwingine wa kumpa, alhamdulillahi, lakini yule mama nilikutana nae baadae akaniambia usiku ule alikopa unga. Na hapo ndo nikaelewa, chakula hakiliwi kibichi, mtu anataka kukichambua, akipike usiku, watoto waamke wakikute. Kwa hiyo ukipeleka kwa mkono wako mwenyewe kwa mtu wa karibu na una uhakika yupo, asubuhi sawa. Ukiwa unapitia kwa wakili au kamati, au mtu yuko mbali, siku mbili kabla, usibahatishe.

Wanaotuma nchi nyingine nao waangalie hapa. Asili itolewe pale ulipo jua la mwisho la Ramadhani linapokuzamia, na kuhamisha wanazuoni wengi wanaruhusu pakiwepo haja, mfano hapo ulipo hakuna wahitaji au una ndugu wana dhiki kali. Ila mwezi unaweza kuonekana huko kabla ya kwako, wao wakaswali Idi wewe bado umefunga. Tuma mapema ili chakula kiwe kimeshafika kabla ya swala yao na kabla ya swala yako pia.

Na usiku ule mwezi ukiandama, usijidanganye kwamba ukishapima ukafunga mfuko ukauweka nyuma ya mlango umeshatoa. Bado. Mfuko ulioko kwako ni wako. Kama una simu piga usiku huo huo, "mama, upo? nakuja sasa hivi", umpelekee.